Mashine ya Karanga ya Kidato cha Kwanza

Siku niliyoripoti kazini kama mwalimu wa ufundi, katika sekondari mpya karibu na Puge, Mkuu wa Shule alinipokea akiwa na nyundo mkononi.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mwalimu. Vua koti."

Shule nzima ilikuwa Kidato cha Kwanza tu. Karakana ilikuwa banda la matofali mabichi, na fahari yake ilikuwa jiliwa moja, yaani chombo cha kubana chuma unapokipiga tupa.

Ilikuwa miaka ya Elimu ya Kujitegemea. Mkaguzi wa Ufundi alikuja kutoka Tabora mjini, akakagua, akasema bila kupepesa macho: "Vifaa hivi nimewaazima. Mkiaibika kwenye mashindano ya mkoa, navipeleka shule yenye wanafunzi wakubwa." Nilichukia kwelikweli. Fundi bila vifaa anafundisha nini, hadithi?

Wanafunzi waliamua kuunda mashine ya kubangua karanga. Kiongozi wao alikuwa Kulwa, binti wa mkulima wa Ziba, mwenye maswali mengi kuliko huyo mkaguzi. Walichonga gogo la mninga likawa duara, wakaliunga na pedali za baiskeli, likawa linasugua karanga juu ya wavu wa chuma. Kazi yote ilikuwa kwenye uwazi, ile nafasi kati ya gogo na wavu: ukizidi, karanga zinapita na maganda yake, ukipungua, zinasagika. Waliupima wiki nyingi mpaka punje zikatoka nzima.

Siku ya mashindano tukapewa karanga za waamuzi. Kulwa akapiga pedali. Zikatoka chenga tupu! Shule kubwa zikaangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Kulwa akaokota ganda, akalivunja. "Mwalimu, hizi hazikunyunyiziwa maji."

Kwetu Unyamwezini mama hamenyi karanga za mbegu zikiwa kavu. Huzinyunyizia maji kwanza, ganda likalegea, vidole vikasalimika. Watoto walifanya hivyo kila jaribio bila kuambiwa na mtu, na mimi niliyelelewa hivyohivyo sikuona kuwa kuna la kuona. Kosa lilikuwa langu.

Kulwa akamwendea Mkaguzi, aliyekuwa ameketi mezani na waamuzi wenzake.

"Shikamoo, Mzee. Nyumbani kwenu mbegu za karanga mnazimenyaje?"

"Marahaba. Kanuni hazisemi habari za maji, binti."

"Mama yako je, anazimenya kavu?"

Mkaguzi akacheka mwenyewe. "Hapana. Hunyunyizia."

"Basi na mashine yetu imefundishwa na mama."

Tukaruhusiwa kurudia mwishoni. Tulikuwa wa pili kimkoa, na vifaa vilibaki Puge.

Baadaye nilihamishiwa Nzega, kisha Tabora mjini, chini ya wakuu wakali na wapole, mpaka nikastaafu. Siku hizi wajukuu wangu wanashindana kuunda roboti, na wanaoanza mwaka wa kwanza hunijia wakiwa na hofu. Nawasimulia habari za Kulwa, pamoja na sehemu ninayoionea haya hadi leo. Yeye alipokuwa anatutetea mbele ya Mkaguzi, mimi mwalimu wake nilikuwa nimekwisha kushika spana, naifungua mashine turudi nyumbani. Aliporudi mbio na jagi la maji, akanikuta na pedali mkononi. Alinishikia gogo, nikaanza kufunga upya.