Shibiri Moja ya Nondo

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa na urefu wa shibiri moja tu, na nililifukia mwenyewe kwa mikono yangu. Nalitaja mapema ili usidhani nakusimulia haya kwa kujisifu. Yalinitokea mchana, nikiwa na akili timamu, sijanywa wala sina homa. Ukipenda usiamini. Hata mimi nilijaribu kutokuamini, nikashindwa.

Miaka ya tisini nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, fundi wa simu za upepo mjini Shinyanga. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza kwa kufungua redio mbovu za majirani, nikasoma vijitabu vilivyokuja ndani ya makasha, nikajua. Mzee Hasham, mwenye duka la vipuri karibu na stesheni, alinituma kwenda kufunga simu hizo kwenye maghala ya pamba, misheni na machimbo, kote ambako waya wa simu haukufika. Unafunga ubao ukutani, simu juu ya ubao, betri la gari chini yake, paneli ya jua juu ya bati, na nje unavuta waya wa antena kati ya milingoti miwili. Mtu anakaa mbele ya ukuta, anabonyeza kitufe, anaongea na Shinyanga.

Kwa kuwa sikupita shule ya ufundi, niliogopa sana kuitwa mbabaishaji. Ubao niliupima kwa pima maji mara tatu. Nyaya zangu zilinyooka kama mistari ya daftari. Skrubu ikikaa upande kidogo, nilikosa usingizi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakuna anayekiona, nacho ni ethi. Ni nondo ndefu kama mtu, inapigiliwa ardhini nje ya nyumba na kuungwa na simu kwa waya mnene. Radi ikipiga antena, inapata njia ya kushuka udongoni badala ya kupita mkononi mwa anayeongea.

Kwenye ghala moja la pamba upande wa Songwa nilifika kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka unakuwa kama saruji. Nilipiga nondo mpaka viganja vikatoka malengelenge, haikushuka. Lori la kunirudisha mjini lilikuwa linapiga honi. Unafikiri nilifanya nini? Nilichukua msumeno wa chuma nikaikata. Nikafukia kipande cha shibiri moja, nikaunga waya wangu mnene juu yake, nikasawazisha udongo vizuri. Meneja alitazama akasema hajawahi kuona kazi safi namna ile. Nikasema asante.

Mvua za kwanza tu, radi ikampiga karani wa simu pale ghalani. Aliitwa Shija, Baba Kabula. Sikuwahi kumwona, maana aliajiriwa baada ya mimi kuondoka. Alikufa akiwa ameshika kipaza sauti kwa mkono wa kulia. Na wewe unajua kwetu Usukumani wengi wanaamini radi haipigi hivihivi, inatumwa. Ndugu zake wakauliza nani kaituma, na jibu likamwangukia mjane. Mama Kabula akafukuzwa bomani kwa wakwe zake pamoja na watoto wake wawili, usiku wa matanga haujaisha.

Habari hiyo niliisikia dukani, bisibisi mkononi. Nilijua radi ile ilitoka kwa nani. Nikaendelea kukaza skrubu.

Miezi minne baadaye nilipelekwa Nyarugusu, machimboni, kwa Mzee Nkwabi. Alikuwa na duara moja, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na pampu yake ya kuvuta maji ilikuwa imekufa. Alitaka simu ya upepo upesi ili aagize kifaa chake Shinyanga. Banda lake la ofisi lilikuwa na kuta za matofali mabichi na mlango mmoja. Siku ya kwanza nilimaliza ubao, betri, paneli na antena. Ikabaki ethi. Na tangu kifo cha Shija, sikuweza tena kuifanya haraka. Nondo ilishuka mpaka usawa wa goti, ikagota mwamba. Nikahamia upande mwingine, mwamba. Nyuma ya banda, mwamba.

Siku ya pili Mzee Nkwabi alikuja akasimama juu ya mashimo yangu.

"Fundi, unatafuta ethi au unatafuta dhahabu? Ukiipata utugawie."

Vijana wake wakacheka. Mmoja, Dotto, akaongeza, "Mwacheni, huyo anafungua duara lake. Kesho atatuajiri."

"Shikamoo mzee," nikamwambia Nkwabi. "Nipe leo tu. Siwezi kuwasha bila ethi."

"Marahaba. Kule machimbo ya jirani, kwa Wasumbwa, wana simu miaka miwili, sijasikia wakiimba wimbo huu wa ethi." Lakini alinipa ile siku. Hakujua nilichokuwa naogopa, nami sikumwambia.

Siku ya tatu mvua ilishuka kabla ya saa nane mchana. Ilishuka kama imekatiwa kamba. Kulikuwa na watu wanne ndani ya duara, Dotto akiwemo. Maji ya kilimani yakaingia kwa nguvu, ngazi za miti zikang'oka, na wale wanne wakakimbilia kwenye tawi la pembeni lililokuwa juu kidogo. Tulijua wako hai kwa sababu walikuwa wanagonga nyundo kwenye mwamba. Ko, ko, ko. Watu wakapanga mstari wakachota maji kwa ndoo na madebe, na maji yakawa yanapanda mbele ya macho yao.

Mzee Nkwabi alikuja bandani ameloa, kofia hana.

"Geita mjini kuna pampu na lori. Shinyanga wakipata habari, watawaita. Washa."

"Mzee, radi iko juu yetu. Ethi haijashuka. Anayeongea anaweza kufa."

"Na wale?"

Alinitazama, akasema polepole, "Niambie tu pa kubonyeza, nitaongea mimi." Lakini hakuwahi kushika chombo kile maishani, na hapohapo wakamwita kwa kelele, kamba ya ndoo imekatika. Akatoka mbio. Nikabaki peke yangu kwenye kiti, mbele ya ubao wangu uliopimwa mara tatu, waya wa betri mkononi, na mkono hautaki kwenda. Niamini, sijawahi kujichukia kama saa ile. Nilikuwa nalia kama mtoto.

Nikasikia mtu anasafisha koo nyuma yangu, mara mbili.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe la mikono mirefu limepigwa pasi. Nilidhani ni karani wa mnunuzi wa dhahabu. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, "Marahaba, fundi. Pole na kazi." Ndipo nikagundua kuwa shati lake ni kavu. Nje mvua inamwaga, naye hana hata tone.

"Ethi yako hapa imefika wapi?" akaniuliza.

"Gotini. Chini ni mwamba."

"Na kule ghalani ilifika wapi?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Si Mzee Hasham, si mama yangu, si padre. Nikatazama mkono wake wa kulia. Kuanzia kwenye kidole cha shahada mpaka unapoanzia mkono wa shati palikuwa na mstari mweusi, na kifungo cha mkono huo wa shati kilikuwa kimeyeyuka kikashikana na kitambaa.

"Shibiri moja," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alitikisa kichwa kama mtu aliyesomewa hesabu aliyokuwa anaijua.

"Haya, toka kwenye kiti. Mimi na radi tulishamalizana. Funga betri, halafu nenda nje, ukae mbali na ukuta." Kisha akaniambia, "Ukitoka hapa, uende ukaichimbue ile nondo mbele ya kaka zangu. Mke wangu analala jikoni kwa mama yake na watoto. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Kabula."

Nikafunga betri, taa ndogo nyekundu ikawaka. Nikatoka nikasimama kwenye mvua, hatua kumi kutoka mlangoni, macho yangu hayaachi mlango. Nikamsikia anasafisha koo tena, mara mbili, kisha sauti iliyozoea kazi:

"Shinyanga, Shinyanga, hapa Pamba Tatu. Unanipata? Ova."

Pamba Tatu. Kila kituo kilikuwa na jina lake la hewani. Nyarugusu ilikuwa bado haijapewa. Pamba Tatu lilikuwa la lile ghala.

Akaita mara tatu. Kisha chombo kikakoroma, sauti ya mwanamke ikajibu kwa mbali. Naye akasema taratibu, "Niko Nyarugusu, kwa Mzee Nkwabi. Watu wanne wamo ndani ya duara, maji yanapanda. Geita walete pampu sasa hivi. Narudia, watu wanne. Ova."

Sikusikia jibu. Mwanga mweupe ulijaa kila mahali, na mlio wake niliuhisi kwenye meno kabla ya masikioni. Nilipoweza kusimama, moshi ulikuwa unatoka mlangoni. Nikaingia. Simu imepasuka katikati, ubao umeungua, nyaya zangu zilizonyooka zimekuwa majivu. Kiti kilikuwa palepale, kizima, hakina mtu. Mlango ni mmoja, nami nilikuwa naukodolea macho. Alitoka kupitia wapi?

Mzee Nkwabi akaingia, akaona.

"Umeita?"

"Imeitwa, mzee. Wamejibu."

"Nani kaita?"

Ningemwambia nini? Nikatazama kile kiti kitupu, naye akaelewa kwamba nimeunguza chombo na sikuita mtu. Hakunipiga. Alisema tu, "Mama zao utawajibu wewe," akarudi kwenye ndoo. Nikamfuata, nikashika debe. Saa zikaenda. Milio ya nyundo ikapungua, ikawa mmoja baada ya kimya kirefu, na kila kimya nilidhani ndio basi. Wapo walionitazama kwa namna ambayo nilijua wakiwakosa wale wanne, nami sitoki Nyarugusu.

Giza lilikuwa linaanza kuingia tuliposikia lori linakwama na kukwamuka bondeni. Dereva alishuka na matope hadi kiunoni, pampu imefungwa nyuma kwa minyororo.

"Pamba Tatu ni nani hapa?" akauliza. "Shinyanga wametuambia Pamba Tatu anaita."

Mzee Nkwabi alinigeukia. Nikaenda kusaidia kufungua minyororo ya pampu.

Pampu ilifanya kazi usiku mzima. Walitoka wote wanne. Watatu kwa miguu yao, na Dotto kabebwa, midomo imekuwa ya kijivu. Aliponiona alisema, "Fundi, ethi umeipata?" Watu wakacheka na kulia pamoja.

Niliporudi Shinyanga, Dada Rehema, aliyekuwa anapokea simu kituoni, aliniita pembeni.

"Jina lile nililifuta mwenyewe kwenye orodha siku alipozikwa. Nikadhani mtu anafanya utani. Lakini alisafisha koo mara mbili kabla ya kuita. Shija ndivyo alivyoanza kila asubuhi. Nani alikuwa kwenye kile chombo, mdogo wangu?"

Nikamwambia. Kisha nikamwambia Mzee Hasham habari ya shibiri, naye akanifukuza kazi siku hiyohiyo. Alikuwa na haki.

Nikaenda Songwa na jembe. Kaka za Shija walikuja watatu, na Mama Kabula akaja na mama yake, wakasimama mbali. Nilichimba mbele yao wote. Haikuchukua hata dakika, maana hapakuwa na cha kuchimba. Nikakishika kile kipande, nikaeleza nondo ya kweli ina urefu gani, na nani aliyeikata, na kwa nini. Kaka mkubwa alikipima kwa kiganja chake, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Kikaenea kamili. Akakiweka chini, akakaa juu ya udongo, akafunika uso.

Mdogo wake hakuamini, na nasikia mpaka leo haamini. Nilihamishiwa mimi lawama ya uchawi, nikakubali kuibeba. Lakini yule mkubwa alimfuata shemeji yake na kumwomba arudi. Mama Kabula hakurudi. Alichukua godoro lake, sufuria zake na ng'ombe wawili waliokuwa wake. Alipopita karibu yangu nilipiga magoti. Akasimama.

"Ungesema siku ile ile," akasema, "watoto wangu wangemlilia baba yao. Walishindwa kulia kwa kuwa walikuwa wanakimbia."

Hayo maneno ndiyo ninayoishi nayo. Mkono wangu wa kulia hufa ganzi kila mvua inapokaribia, na mara nyingine nikiwasha chombo kipya, kabla hakijashika kituo chochote, husikia mtu anasafisha koo. Mara mbili. Huwa namwamkia, shikamoo, na wenye nyumba hunishangaa.

Nawe, fundi akija kufunga chochote ukutani kwako, usimsifu kwa nyaya zilizonyooka. Mwambie akuonyeshe kilicho chini ya udongo. Akisita, usimlipe, na usiguse chombo chake.

Mimi bado nafanya kazi hiyohiyo. Siku hizi nondo siikati, na siifukii mpaka mwenye nyumba ameipima kwa mkono wake.