Ruhusu Katika Hali Fiche

Mimi hufundisha Kiswahili katika shule moja ya Thika, na kwa ukaidi wangu kila chombo nilicho nacho husema Kiswahili. Simu ni Kiswahili, kipakatalishi ni Kiswahili, hata kwenye mashine ya benki hubonyeza lugha hiyo huku walio nyuma yangu kwenye foleni wakishusha pumzi. Kwa hiyo siku niliyoweka kiendelezi cha kuzuia matangazo na vifuatiliaji kwenye kivinjari changu, swichi ya mwisho iliniuliza kwa lugha ya nyumbani: Ruhusu katika hali fiche. Ilikuwa imezimwa. Nikaiacha hivyo hivyo, tena kwa kiburi. Dirisha fiche, lile lisiloweka historia ya ulichosoma, ni chumba cha mtu na siri zake. Kwa nini nimruhusu mwingine aingie humo, hata kama amevaa sare ya mlinzi?

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa katika hali fiche. Nilikuwa na mimba changa, ya tatu, baada ya mbili kuharibika, na aliyejua ni mume wangu tu. Tunaishi Gatongora, Ruiru, pamoja na mama yake, aliyehamia kwetu kutoka Makongeni baada ya kuchoka kuishi peke yake. Mama mkwe wangu si mtu mbaya. Ila mimba ya pili aliifurahia kwa sauti. Kabla tumbo halijaonekana, kikundi chake cha akina mama wa kanisa kilishakuja na unga wa uji, sukari na blanketi la manjano. Muda si mrefu wakarudi walewale, wakakaa kwenye viti vilevile, kuniambia pole. Nililichukia neno hilo. Niliapa kwamba safari hii, likitokea la kutokea, nitalia na mume wangu peke yake.

Basi nikawa nasoma kwenye dirisha fiche. Nikishasahihisha insha za watoto, nalifungua na kutafuta: maumivu ya kiuno yana maana gani, matone ya damu yana maana gani, wako wapi wanawake waliopoteza mbili wakaipata ya tatu. Nikimaliza nalifunga, na historia inafutika. Nilikuwa naamini kwamba nimefunga na mlango.

Jioni moja Mama alikuwa sebuleni akitazama mahubiri kwenye simu yake. Nilipokuwa namwekea chai, mhubiri akakatizwa na kicheko cha mtoto mchanga, na sauti tamu ikaanza kusifu vitanda vya watoto. Mama aliipindua simu kifudifudi mezani, akanitazama usoni, kisha akaitazama chai. Nilimimina hadi chai ikamwagikia kisahani.

Siku iliyofuata zikaja nepi. Kisha Mama akaanza kwenda na simu chumbani kwake na kufunga mlango, mtu ambaye tangu ahamie kwetu hajawahi kusikiliza neno la Mungu bila kutusikilizisha sote. Nikipita, sauti ilikatika. Kwangu hapakuwa na shaka tena: amejua, na anatafuta pa kuanzia.

Shuleni nilimwendea mwalimu wa kompyuta, nikamuuliza kana kwamba naulizia jirani. Alinieleza kwamba dirisha fiche husahau kwa upande wako tu, tovuti unazozitembelea hazisahau. Kiendelezi, kwa kuwa jirani yangu hakukiruhusu, kilikuwa kinalala kila alipofungua dirisha lile. Na wenye matangazo wakishindwa kumtambua mtu, wakati mwingine huitambua intaneti ya nyumba yake, wakamtupia tangazo yeyote anayeitumia. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hapo nilikuwa nimejidunga mwenyewe, kwa Kiswahili sanifu.

Nilikwenda kuiwasha ile swichi kwa hasira, nikasita. Chini yake palikuwa na onyo kwamba kiendelezi kikiruhusiwa kinaweza kusoma kila ukurasa ninaoufungua. Tena nikagundua kwamba kina mahali kinapoweka kumbukumbu ya tovuti zote kilikofanya kazi. Siri ya mtungi muulize kata. Kwa hiyo nichague: nikae bila mlinzi, au niwe na mlinzi anayenukuu? Kama ningeulizwa, na hakuna aliyeniuliza, ningesema kitu kile kinapaswa kutamka waziwazi dirisha linapofunguka, hapa niko kazini au hapa sipo. Na kikiwa kazini humo, kifanye kazi kisikumbuke. Niliizima kumbukumbu yake, nikakiruhusu kiingie, lakini nilijua nimechelewa.

Jumapili Mama alifunga kitambaa chake cha kikundi, akasema anakwenda kanisa lake la zamani Makongeni, ana neno na wale akina mama. Nilitaka kumshika mkono. Ningemwambia nini? Kumkataza kusema kungekuwa kumthibitishia. Mume wangu alikuwa zamu kiwandani. Nilibaki nikifua nguo zisizokuwa chafu, nikisubiri simu ya kwanza ya hongera, na kila ilipolia tumbo lilinikaza kwa namna iliyonitisha zaidi. Hata mara moja hakuwa mmoja wa wale akina mama.

Alirudi jioni, uso umemshuka. Alinikuta uani nimeinua karai la nguo, akaninyooshea simu yake.

"Mwari wakwa, binti yangu, hii simu inaniletea watoto," alisema. "Vitanda, nepi, hata siskii mahubiri."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Alidhani ni kwa sababu ya wenzake, wanaotuma picha za wajukuu wao kwenye kikundi cha simu mchana kutwa, mpaka simu ikadhani naye ana mjukuu. Alikuwa amekwenda kuwaambia waache. Walikosana, mmoja akamwambia ana wivu, naye akajitoa kwenye kikundi alichokianzisha mwenyewe.

"Nimekuwa nikijifungia huko ndani usione," alisema. "Wewe unajua hizi vitu. Itoe. Sitaki ukipita hapa ikuumize."

Niliona haya, na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda tangu niolewe. Siku zote zile tulikuwa tunafichana kitu kimoja.

"Mami, si wale wamama," nilisema. "Ni mimi nimekuwa nikitafuta."

Macho yake yalishuka hadi tumboni kwangu, yakapanda upesi. Nilingoja sala, nilingoja vigelegele, nilingoja machozi.

"Basi hujaniambia," alisema. "Mimi nimekuja tu kutengenezewa simu."

Akalitwaa karai mikononi mwangu, akaenda nalo kwenye kamba.