Bluu Kwenye Kitasa cha Wodi ya Mbwa

Katika hospitali ile ya wanyama, msafishaji alijulikana kwa jina la Mama Povu, maana popote alipopita aliacha sakafu inateleza na watu wananung'unika. Alikuwa amepiga deki pale miaka kumi na tisa, na hakuwa na simile na mtu.

Mwezi mmoja, mbwa watatu waliopasuliwa walitunga usaha vidondani, mmoja baada ya mwingine. Daktari mkuu, bwana mtanashati wa kunukia marashi, akaitisha kikao.

"Bakteria wanatoka kwenye ndoo ya deki," akasema. "Mama Povu, usafi wako umelegea."

Mama Povu alichemka moyoni, ila usoni akatabasamu kama aliyepewa zawadi.

"Sawa, daktari. Nitajirekebisha."

Asubuhi iliyofuata alipaka bluu ya kufulia, kidogo tu, kwenye kitasa cha wodi walimolazwa mbwa wale. Kisha akaegemea fagio lake, akasubiri.

Haikufika hata saa nne. Bluu ilikuwa kwenye simu ya daktari, kwenye kikombe chake cha chai na kwenye mashine ya kunyolea manyoya. Dada wa mapokezi alikuwa nayo shavuni. Paka aliyeletwa kukatwa kucha tu alitoka na alama za vidole mgongoni, mwenye paka akauliza kama ndiyo dawa. Daktari naye alizunguka kwa madaha, ncha ya pua ya bluu.

"Nani kafanya upuuzi huu?" akafoka alipojiona kwenye kioo.

"Ni mimi, baba. Nilitaka tujue bakteria wanasafiri na nani. Ndoo yangu naona haijatoka hapa."

Wauguzi wakaangua kicheko. Daktari akaenda kwenye sinki kunawa mpaka viwikoni.

"Na ndoo ipimwe vilevile," akasema bila kugeuka.

Ikapimwa. Kumbe nayo ilikuwa na bakteria wake, si haba. Hilo Mama Povu hakulitangaza. Alibadilisha tambara kimyakimya, akawa anachemsha maji ya deki.

Tangu hapo mikono ikaoshwa kila baada ya kumshika mnyama, mashine ikafutwa kwa dawa, na vidonda vikaanza kukauka. Mama Povu akakabidhiwa usimamizi wa kunawa, na cheo kikamlevya. Siku ya kwanza tu alimrudisha daktari kwenye sinki mara tatu.

"Kucha, baba! Umesahau kucha!"