Chupa Iliyoandikwa Jina la Hamadi

Naikumbuka, mwanangu, asubuhi niliyotoka kwetu Madungu bila ya kujua niendako. Skuli nilikwisha kuiacha, kazi sina, na miguu yangu haikai mahali. Ilikuwa miaka michache kabla ya Mapinduzi. Njiani nikaikuta gari ya watafiti wa kichocho imekwama topeni. Nikaisukuma, nikauliza maswali mpaka daktari wao akacheka, na kufika adhuhuri nilikuwa mtu wao, mbeba chupa.

Tulishukia kijiji kimoja upande wa Kiuyu. Mjane mmoja, Bi Mize, akanipa chumba cha nyuma. Alikuwa na mwana mmoja tu, Hamadi, wa miaka kumi hivi, naye alikuwa akikojoa damu.

"Usihangaike, Bi Mize," wanaume wakimwambia. "Mtoto anakuwa mwanamme huyo."

"Uanaume gani huo," akiwajibu, "unaomliza kila aendapo chooni?"

Hapa ndipo hasira zinaponipanda, kwa sababu mimi nilikuwa najua. Daktari alinikalisha mbele ya hadubini, nikaliona yai la mdudu wa kichocho kwa jicho langu, refu kidogo kama punje ya mpunga, lina mwiba mmoja nchani. Akanieleza kuwa mdudu yule hutoka kwa konokono wa mtoni, akamwingia mtu kwa ngozi anapooga. Mkojo uchukuliwe jua likiwa juu, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi, na kila chupa itoke kwa mwenye jina lake. Kijiji kitakachoonekana kinaumwa ndicho kitakacholetewa sindano. Hayo yote niliyasikia kwa masikio haya haya.

Nikapewa chupa ishirini, majina yamekwisha bandikwa. Nyumba ya kwanza nilipiga hodi, akatoka mzee mmoja akawaita jirani zake.

"Njooni muone! Mkusanya mikojo kaja!" Kisha akanigeukia. "Ukimaliza ya kwetu, mwanangu, punda wangu yule naye ana yake."

Nyumba ya pili niliulizwa kama mama yangu anaijua kazi yangu. Ya tatu sikuifikia. Nikaingia migombani na chupa zangu, nikanywa madafu matatu, nikazijaza zote ishirini mimi mwenyewe, kidogo kidogo. Nilijiona mjanja. Nilijiona nimewakomoa walionicheka!

Na yule daktari, msomi wa watu, hakuniuliza nimewezaje kuzunguka kijiji kizima na kurudi jua bado halijasogea. Alifurahi tu kuona chupa zimejaa. Naye simsamehe kwa hilo, ijapokuwa kosa lake ni dogo kwa langu.

Mimi nilikulia mjini, maji ya mfereji, mtoni siogi, na mdudu yule sinaye. Baada ya siku chache watu wakakusanywa, orodha ikasomwa jina moja moja. Hana, hana, hana. Hamadi naye hana. Kijiji kizima, Alhamdulillahi. Gari ikapakia sindano ikaondoka kwenda kwa wengine.

Bi Mize alinikuta uani nafunga kifurushi changu. Hakupiga kelele.

"Chupa ya mwanangu hukunipa," alisema. "Nilikungoja siku ile mpaka alasiri. Basi ile iliyoandikwa jina lake ilikuwa ya nani?"

Nikainamia kifurushi, nikakaza fundo.

"Umelala kwangu, umekula kwangu, usiku umemsikia akilia. Siye tunaumwa, weye umetuandika wazima. Nani atakayetutibu sasa? Toka uwafuate, uwaambie. Na usipowaambia, usirudi mlangoni pangu."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi katika kutangatanga kwangu. Hakuna aliyeniumiza kama mama yule ambaye hakunitukana.

Niliwafuata kwa miguu. Daktari alipokwisha kunisikia aliifuta meza taratibu kwa kiganja, akasema, "Kijiji kizima kimo ndani ya daftari langu kwa mkojo wako." Akanifukuza. Sindano zilikuwa zimekwisha gawiwa. Kijiji kile kikapimwa upya mwaka wa pili yake, na watoto wake wengi walikuwa nao ugonjwa.

Hamadi alichomwa sindano, damu ikakatika. Lakini figo zake hazikuwa na nguvu tena, akafa kijana, hajaoa. Hakuna daktari aliyeniambia kuwa ni kwa sababu ya mwaka ule mmoja. Na hakuna aliyeniambia kuwa siyo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Hawakunitaja mimi, niliyeficha maradhi ya watu wengine, kilio kikawa chao.

Basi ninyi mnaotumwa kupima maji, kuhesabu mbu, kuuliza watu wameumwa nini, nisikilizeni. Mlango mliotumwa muupige hodi. Mkichekwa, chekweni. Mkifukuzwa, andikeni kuwa mmefukuzwa, hilo nalo ni jibu. Mahali msipofika paacheni patupu, maana aonaye patupu atatuma mtu mwingine, lakini aonaye uwongo hatumi mtu. Na ukikosea, rudi siku ile ile, usingoje mama wa mtu akutoe.

Mola akupe macho ya kuona na ulimi wa kusema ulichokiona. Akukinge na aibu inayomfanya mtu aongope, na kila mlango utakaoupiga hodi aufungue mtu mzima wa afya. Amin.