Kenda Kumsaidia Tu

Siku hizi nikisikia watu wakizozana redioni juu ya haki za wafanyakazi, huinuka nikazima. Si kwamba sitaki kusikia. Ni kwamba mimi niliitupa haki ya mume wangu kwa ulimi wangu mwenyewe, mchana kweupe, nimevaa buibui safi.

Tulikuwa tukikaa Mtambile, miaka ile ya mwishomwisho ya utawala wa Mwingereza. Mume wangu alikuwa na mikarafuu yake minane. Ya kwetu ikisha kuchumwa, alikwenda kuchuma mikarafuu ya tajiri mmoja, jirani yetu. Alifanya hivyo kila msimu, asubuhi hadi alasiri, chini ya nyapara aliyemchagulia hata mti wa kupanda. Ilikuwa kazi kama kazi yoyote, ila hakuna aliyemsikia akiiita kazi. Vibarua, kwetu sisi, walikuwa watu waliotoka bara. Mpemba mwenye mikarafuu yake, hata ikiwa minane, hakuwa kibarua wa mtu. "Nnakwenda kumsaidia jirani," ndivyo alivyoniaga. Hata ujira wake aliutia mfukoni bila kuutazama, kama aliyepewa zawadi. Na tajiri alilipenda neno hilo la msaada kuliko sisi. Wakati ule sikujua kwa nini.

Siku aliyoanguka, nilikuwa nyumbani nachambua karafuu zetu. Nyapara alimwelekeza kwenye mkarafuu mzee wa bondeni. Mume wangu akamwambia tawi lake la juu limeoza. Nyapara akajibu kwamba tajiri anautaka uishe leo. Akapanda. Walimleta juu ya kitanda cha kamba, miguu imelala utadhani si yake. Hospitali ya Chake Chake walikaa naye wiki kadhaa, kisha wakanirudishia vilevile.

Mwalimu wa skuli ndiye aliyeniambia kuwa kuna sheria: mtu akiumia kazini, mwenye kazi humlipa fidia. Akaniandikia barua. Baada ya muda akaja bwana mmoja wa serikali, tukakutana barazani kwa tajiri, mwalimu naye kanisindikiza. Tajiri alinikaribisha vizuri, akaniuliza hali ya mgonjwa, nikaletewa kahawa. Tangu ajali ile hakukosa kutuletea muhogo na samaki kila Ijumaa, nami nilikuwa nimeshamshukuru mpaka nimechoka.

Yule bwana akafungua faili lake. "Bibi, mumeo alikuwa akifanya kazi gani kwa huyu bwana?"

Nyapara alikuwapo. Majirani walikuwapo. Niliona aibu kumwita mume wangu kibarua mbele ya watu, naye kalala ndani hawezi kujitetea.

"Kazi? Laa, si kibarua yule," nikasema. "Kenda kumsaidia tu, bwana. Ni jirani yetu."

Kalamu ikasimama. Akaniuliza tena, polepole, akinitazama usoni: "Kumsaidia, au kumfanyia kazi?"

"Kumsaidia."

Akamgeukia tajiri. Pale barazani, ukimtoa mwalimu na yule bwana, tajiri peke yake ndiye aliyeijua sheria ile kwa undani, na alijua neno langu limefanya nini. Angeweza kunisahihisha. Aliinamisha kichwa, akasema kwa upole, "Mwenyewe kesha sema." Nimemsamehe mengi mtu yule. Upole ule sijamsamehe.

Faili likafungwa. Njiani mwalimu ndiye aliyenieleza kwamba anayemsaidia jirani hana fidia. Nilikaa chini pale pale kando ya barabara, buibui langu vumbi tupu, nikalia.

Nyumbani nilimweleza mume wangu yote, neno kwa neno, nikangoja anitukane. Nilitaka anitukane. Yeye akavuta ncha ya kanga yangu akanifuta uso.

"N'ngeulizwa mie," akasema, "n'ngejibu vivyo hivyo."

Aliishi misimu miwili tena, mimi nikimgeuza ubavu huu na huu. Na kila aliyekuja kumtazama, alimwambia kwamba mkewe alimtunzia heshima yake.