Mheshimiwa wa Duka la Vitambaa

Nimeshona kwenye kibaraza cha duka lake la vitambaa miaka kumi na tisa, kwa hiyo namjua tangu hajaitwa mheshimiwa. Alikuwa na sauti ya chini, ungedhani kila mteja anapewa siri. Kitambaa alikitia mkasi kidogo tu pembeni, kisha akakichana kwa mikono miwili, chwaa, kikatoka kimenyooka. Akina mama wakimlalamikia habari za wakwe zao, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kwa masikio yale tulimchagua aende baraza la madiwani, na duka akamwachia mkewe.

Siku hizi hata shikamoo anaiitikia kama yuko mkutanoni, na ukianza kusema anainua kidole, anakumalizia mwenyewe. Jumamosi iliyopita alipita dukani mchana, akamkuta bibi mmoja, mteja wake wa zamani. "Baba, binti yangu alivyougua..." bibi akaanza. Kidole kikapanda. "Zahanati, mama, tunaifungua mwezi ujao!" Bibi akamtazama. "Nimeshamzika, baba." Mkewe akazunguka kaunta, akamshika bibi mkono, akamkalisha. Mheshimiwa akatoka nje, akasimama kando ya cherehani yangu, akivutavuta mkono wa koti.

"Fundi, hivi siku hizi naongea sana?"

"Hapana, mheshimiwa," nikasema, nikaendelea kushona.

Alingoja kidogo, kama mtu aliyetegemea jibu jingine, kisha akaingia garini. Hajaniuliza tena.