Majani Yaliyojikunja ya Naviundu

Harufu ya sombe, majani ya muhogo, inayotwangwa hunifikia kabla sijakiona kinu. Nikiwa sokoni, hata kama nimefuata chumvi tu, nitasimama, nitachomoa jani moja kwenye fungu la mtu na kuligeuza upande wa chini. Wauzaji wameshanizoea. Wananicheka kwamba mwalimu huyu mzee anakagua sombe kama anayenunua gari. Siwaambii ninachotafuta. Natafuta mabaka ya njano na jani lililojikunja, mpaka leo.

Mara ya kwanza niliviona nikiwa msichana mdogo, Naviundu, pembeni mwa mji, wakati Katanga imejitenga na Kongo na mji wetu bado unaitwa Elisabethville. Baba alikuwa fundi cherehani. Yeye na Mama walizaliwa Kasai, mkoa mwingine wa Kongo, mimi nilizaliwa hapa hapa, na jambo hilo halikuwa na maana yoyote kwangu hadi watu wazima waliponifundisha kwamba linayo. Kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa na shamba la mihogo kando ya mto, na mashamba hayo yalipakana bila ua wala mtaro.

Siku moja Mama alikwenda Kasomeno, humu humu Katanga, kununua samaki wakavu. Alirudi juu ya lori na samaki wachache na mzigo mkubwa wa miti ya mihogo, yaani vile vipande vya shina vinavyopandwa. Alikuwa ameichagua mwenyewe, shina kwa shina, shambani kwa mwenyeji wake. Alipenda ile yenye majani madogo yaliyojikunja, kwa sababu yalikuwa laini kwenye kinu na hayakumchosha mkono. Sisi tuliokula majani aliyokuja nayo tulikubali kwamba sombe yake ilikuwa tamu kuliko ya zamani.

Kwetu miti ya mihogo haikuuzwa. Aliyenayo aligawa, na aliyepewa alipanda. Mama, ambaye hakujua kula kitu peke yake, alipita nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake na fungu kichwani, shingo ikiniuma. Wa kwanza kupewa alikuwa Mama Mwape, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mubemba wa upande wa Kasenga, mwenyeji wa Katanga, aliyesukana nywele na Mama kila Jumamosi.

"Kamata, mama, upande," Mama alimwambia. "Sombe yake iko laini sana."

Mvua zilinyesha, mihogo ikaota. Kisha majani yakaanza kubadilika, kwanza kwetu, halafu kwa Mama Mwape, halafu hata kwenye mihogo ya zamani ambayo hakuna aliyeigusa. Yalipata mabaka ya njano, yakasinyaa na kupinda kama vidole vya mtu mgonjwa. Ukitikisa mti, vijidudu vyeupe vilipaa kutoka chini ya majani na kutua kwenye mti wa jirani. Niliona ni mchezo mzuri.

Mjini nako mambo yalikuwa yakipinda. Askari walisimamisha watu njiani na kuwauliza kabila lao, wakiwatafuta watu wa Kasai. Wateja wa Baba waliacha kuleta vitambaa, na wengine walikuja kuchukua nguo ambazo hazijakwisha kushonwa. Watoto niliocheza nao waliitwa ndani nilipotokea. Wakati wa kiangazi, watu walipochimba mihogo, walikuta mizizi myembamba isiyofaa hata kumenywa, na mwaka mzima wa chakula ukawa umepotea.

Majirani walitukuta shambani asubuhi, wanaume kwa wanawake, majembe mikononi. Kijana mmoja alipaza sauti, "Muloshi!" yaani mchawi. "Mihogo yenu ya Kasai njo inaua mashamba yetu!"

Mama aliinama, akachota udongo kwa kiganja. "Kama kintu kibaya kilitoka mu mukono yangu," akasema, "nikufe mie na mutoto yangu."

Nilikuwa mtoto wake wa pekee, kwa hiyo nilielewa mara moja anayetajwa ni nani. Nikaanza kulia. Hapo Mama Mwape akajipenyeza katikati, amefura kwa hasira.

"Mi pia nilipanda! Mi pia sina kitu ya kula! Ni bugonjwa ya mihogo, haiko muntu!"

Walitawanyika wakinung'unika. Tulidhani yamekwisha, lakini siku chache baadaye Mama Mwape aliingia kupitia mlango wa nyuma, mchana kweupe, bila hodi wala salamu, akamwita Mama kwa jina langu.

"Mama Ngalula, mutoke leo. Kesho itakuwa nguvu kutoka."

"Miti nilitoa Kasomeno, haikutoka Kasai! Weye mwenyewe uliniona nikishuka."

"Mi nayua, dada. Bale habataki kuyua."

Baba alifunga cherehani juu ya baiskeli. Tulitembea hadi kambi nje ya mji, ambako watu wa Kasai walijazana chini ya magunia na makaratasi, wakilindwa na askari wa kulinda amani wenye kofia za bluu. Huko ndiko tulikopata habari kwamba nyumba yetu ilikuwa imebomolewa, mabati na milango imechukuliwa. Mama Mwape hatukumwona tena. Niliwachukia wale wengine kwa moyo wangu wote, na nilijifariji kwa jambo moja tu: walikuwa wamesema uongo. Nilikua nikilishikilia jambo hilo.

Kisha nikaenda kusomea ualimu, na siku moja mwalimu wetu akainua jani la muhogo lenye mabaka ya njano. Akaeleza kwamba kirusi cha ugonjwa ule hukaa ndani ya shina, kwa hiyo anayepanda mti mgonjwa amepanda ugonjwa, na vile vijidudu vyeupe huusambaza. Ugonjwa ulitoka kwetu kweli. Ulitoka mikononi mwa mama yangu, kwa wema wake, na haukuwa na habari na Kasai.

Nilikaa na neno hilo miaka mingi kabla ya kumwambia. Mama alikuwa amezeeka, anachambua maharage mlangoni. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Njo vile?" akasema. "Basi, kwa mihogo, balikuwa na haki."

Akaokota jiwe dogo kwenye ungo, akalitupa. Nilidhani amemaliza.

"Na nyumba yangu," akaniuliza, "yenyewe ilibaambukiza nini?"